Kuwekwa Kinyumba si Usuria

 

Ndugu Waislamu, liko neno linalosemwa katika baraza zetu za pwani, na wenye kulisema hulisema kwa kucheka. Kijana wetu amekwenda bara kutafuta dhahabu, naye amejaaliwa akapata. Nyumbani, Tanga au Mombasa au Unguja, ana mke wa kufu yake aliyeozwa kwa maulidi na pilau. Kule Kahama au Katoro ana mwanamke mwingine, amempangishia nyumba, amezaa naye, na nikaha hakuna. Akiulizwa, hujibu: "Yule ni suria wangu. Hata masultani walikuwa nao." Wazee hucheka, wakamsogezea kikombe cha kahawa.

Makala haya ni jibu kwa kijana huyo na kwa wazee wale. Nasema kwamba neno hilo ni uongo katika sharia, ni uongo katika tarikhi, na ni dhulma kwa kiumbe dhaifu. Na nasema tena kwamba mzizi wa dhulma hiyo hauko machimboni. Uko majumbani mwetu.

Tuanze na hao masultani wanaotajwa. Sayyid Said bin Sultan alifariki baharini mwezi wa Oktoba 1856, akirejea Unguja kutoka Maskati, akaacha watoto 36 walio hai. Mkewe wa nikaha, Bibi Azza binti Seif, hakumzalia mtoto. Wote 36 walikuwa watoto wa masuria. Mama yake Sayyida Salme, jina lake Jilfidan, alikuwa Mcherkesi aliyetekwa utotoni baada ya wazee wake kuuawa. Mama yake Sayyid Barghash alikuwa Mhabeshi. Wanawake hawa hawakuwa na ukoo wa kutajwa katika nchi hii, wala ndugu wa kuwatetea. Nao ndio waliozaa wafalme: Thuweni akashika Maskati, Majid akashika Unguja, na baada yake Barghash, tangu 1870 mpaka 1888. Hakuna aliyesimama kumwambia Barghash kuwa si mtoto wa baba yake.

Kwa nini hakuna? Kwa sababu sharia ilikwisha weka mambo yake wazi. Kwanza, mtoto wa suria aliyezaa na bwana wake huzaliwa mwungwana, na hurithi sawasawa na mtoto wa mke wa nikaha. Pili, suria akishazaa hauzwi wala hapewi mtu, na siku anayokufa bwana wake yeye huwa huru. Tatu, jambo lenyewe lilikuwa la hadharani. Bwana alijulikana, mama alijulikana, mtoto alijulikana.

Sisemi haya kuusifu utumwa. Jilfidan hakuomba kutekwa, na suria asiyezaa alibaki kuwa mali ya kurithiwa kama shamba. Hata amri ya mwaka 1897, iliyoondoa utumwa katika sheria za Unguja na Pemba, iliwaacha masuria nje, na mlango wao haukufunguliwa mpaka mwaka 1909. Tanganyika utumwa ulifutwa kwa sheria mwaka 1922. Basi mlango huo umefungwa kwa wote, na alhamdulillahi umefungwa. Pasipo mtumwa hapana suria. Mwenye kudai leo kuwa ana suria, na atuonyeshe mtumwa wake; na akituonyesha, kesi yake itakuwa ya polisi kabla haijawa ya mashekhe.

Sasa tumtazame huyu wa leo. Nchi ya dhahabu haikuanza jana. Machimbo ya Geita yalifanya kazi tangu miaka ya 1930, zama za Waingereza, yakafungwa mwaka 1966. Almasi ya Mwadui, Shinyanga, iligunduliwa mwaka 1940. Kisha ukaja mgodi mkubwa wa sasa wa Geita, uliofunguliwa mwaka 2000, na wa Bulyanhulu, upande wa Kahama, mwaka 2001. Kando ya migodi hiyo mikubwa wako wachimbaji wadogo kwa maelfu, Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na kwingineko, na kila mwenye duara huota usiku kwamba kesho atafika kwenye mwamba. Fedha ya huko huja ghafla, na mtu aliyelala hana nauli huamka na gari.

Msichana hutoka kijijini na sufuria yake. Hupika uji na wali karibu na maduara, na jioni huhesabu shilingi zake kwa mwanga wa simu. Mwenye duara humwona. Hapo ndipo kupanda kunapoanza. Huhamishwa kutoka kibanda cha maturubai kuingia chumba, na kutoka chumba kuingia nyumba ya kupanga yenye umeme. Hufunguliwa duka la vitenge. Watu wazima kuliko yeye humpisha njia, na wenye kutaka kazi kwa bwana hupitia kwake. Wengine humwita mama fulani kwa jina la mtoto aliyemzaa. Lakini lau ungeomba kuona karatasi, ungekuta pango la nyumba lina jina la bwana, leseni ya duka ina jina la bwana, pikipiki ina jina la bwana. Yeye jina lake halimo popote.

Kisha duara huporomoka, au gari hupinduka, au maradhi humchukua yule mtu. Kabla ya arubaini kutimia, ndugu wa marehemu wamekwisha fika kutoka pwani. Wamebeba karasha la kusagia mawe, wamechukua pikipiki, wametaka funguo za duka. Mwanamke akifungua mdomo huulizwa, "Wewe ni nani? Cheti kiko wapi?" Hata eda hana. Mtu aliyempikia na kumfulia miaka 9 amekufa, naye haruhusiwi kukaa eda yake, kwa kuwa hakuwa mkewe. Hurudi kwao kijijini na watoto wawili na lile sufuria.

Na watoto je? Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mtoto wa zinaa hanasibishwi kwa baba wala hamrithi. Humrithi mama yake tu. Katika mila ya Wasukuma, mtoto aliyezaliwa pasipo ng'ombe wa mahari ni wa kwao mama. Basi kwa sharia na kwa mila, mzigo wote umeangukia mgongo mmoja, na mgongo huo ndio uliokuwa dhaifu tangu mwanzo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 160, inasema kwamba mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi, wakajulikana kwa watu kama mke na mume, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibiti vinginevyo. Lakini ataithibitisha vipi sifa hiyo mwanamke ambaye bwana wake alikuwa akimficha kila ndugu alipokuja?

Basi pima mwenyewe, ewe msomaji. Suria wa jana alipozaa alipata uhuru wake, na mwanawe alipata jina na fungu. Huyu wa leo, aliyezaliwa huru, hapati jina, hapati fungu, hapati hata eda. Mtumwa wa jana alikuwa na haki asizokuwa nazo mpenzi wa leo. Je, mtu mwenye akili atasema kwamba vitu viwili hivi ni kimoja?

Wala usidhani kwamba haya ni ya machimboni peke yake. Uingereza, mwaka 1765, alizaliwa binti wa mfua chuma, akawa mtumishi wa majumbani, kisha kwa uzuri wake akawekwa na kijana wa kibwana. Kijana yule alipomchoka alimkabidhi kwa mjomba wake, Sir William Hamilton, balozi wa Uingereza huko Naples, naye huyo mwishowe alimwoa, mwaka 1791. Ndipo akaitwa Lady Hamilton. Baadaye akawa hawara wa Nelson, jemadari mkubwa wa bahari, akamzalia binti mwaka 1801. Nelson alipokuwa anaelekea vitani Trafalgar mwaka 1805 aliandika wasia kwamba anamwacha Emma katika dhamana ya mfalme na nchi yake. Akafa siku ile ile. Serikali ilimpa nini Emma? Haikumpa kitu. Cheo kikubwa na fedha za kila mwaka alipewa ndugu wa marehemu. Emma alifungwa kwa madeni mwaka 1813, na mwaka 1815 akafa fukara Calais, Ufaransa. Tazameni: hata shujaa wa taifa zima, kwa wasia alioandika kwa mkono wake, hakuweza kumpa hawara wake heshima ambayo mkataba wa ndoa humpa mke wa mvuvi. Na aliyekula ni ndugu, kama wale wa karasha na pikipiki.

Sasa tuje kwenye Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Wako wanaopanda mimbari wakawasema wanawake wa kuwekwa mpaka msikiti ukatetemeka. Wao husoma Suratun Nisaa, aya ya 25, inayowataja wanawake wasiofanya wapenzi wa siri. Mbona hawaisomi na Suratul Maida, aya ya 5? Humo katazo lilo hilo wamepewa wanaume: waoe, wala wasizini, wala wasijifanyie wapenzi wa siri. Aya ni mbili, na makosa ya wawili. Mwenye kusoma moja akaiacha nyingine hakumwonya mtu. Amempendelea mwenye gari.

Na hapa nawageukia wenye nyumba. Kijana huyu kwa nini hakumwoa yule mwanamke? Wengi watakwambia, "Wazee hawatakubali. Si kufu yetu. Ni mtu wa bara, hana ukoo." Ndugu zangu, kufu ni mas-ala ya fiqhi, si mas-ala ya kiburi. Fukahaa wa Kishafi wameiweka kufu kuwa haki ya mwanamke na walii wake, ili binti asije akaozwa mtu wa kumtia aibu. Hawakuiweka ili mwanamume azuiwe kumwoa mwanamke mnyonge. Mwanamume mwenye ukoo kumwoa asiye na ukoo hakuna kizuizi. Tena Mtume (S.A.W.) amebashiri malipo mara mbili kwa mtu aliyekuwa na kijakazi, akamfundisha vizuri, akamlea vizuri, kisha akamwacha huru na kumwoa. Angalia kijakazi huyo alivyopandishwa: kwa elimu, kwa uhuru, kwa nikaha. Sisi tumegeuza. Tunampandisha mtu huru kwa vitenge, na kumshusha kwa kumnyima nikaha.

Wala hatuoni haya kuipokea dhahabu yenyewe. Mabati ya nyumba, ada za watoto, safari ya Hija, vyote vimetoka bara, na tumevipokea kwa mikono miwili. Dhahabu ya bara ni kufu yetu. Mwanamke wa bara ndiye asiye kufu! Huo si uungwana. Kijana tumemnyima mlango wa halali kwa jina la ukoo, kisha tunacheka naye barazani anapopita wa haramu.

Watasema wengine: anaogopa kumwudhi mke wake wa kwanza. Jawabu ni kwamba mke huyo anadhulumiwa zaidi kwa kufichwa, kwani siku ya msiba atajua yote, na mtu wa kumwuliza hayupo tena. Mwenyezi Mungu amesema na wanaume wazi katika Suratun Nisaa, aya ya 3, kwamba mwenye kuchelea kutofanya uadilifu na akae na mmoja. Hakusema akae na mmoja mchana na mwingine usiku. Watasema wengine: mwanamke mwenyewe ameridhia. Amepewa nafasi ya kuchagua nini? Kati ya nyumba yenye umeme na kibanda cha maturubai! Lau angechaguzwa kati ya kinyumba na mahari, mashahidi na walii, hapo ndipo tungeijua ridhaa yake.

Basi lipi la kufanya? Kwa aliye hai, njia ni mbili tu, na kabla ya zote ni toba. Ama amwoe kwa nikaha yenye walii, mashahidi na mahari, na akiwa si Mwislamu aelezwe dini kwa upole bila kulazimishwa. Ama amwache kwa wema, na ampe cha kumsimamisha, si kumtupa. Watoto aliowazaa, kama hawamrithi, hakuna aliyemkataza kuwapa zawadi akiwa hai, wala kuwausia katika thuluthi ya mali yake. Na aandike, tena mbele ya mashahidi. Maneno ya barazani hayamlishi yatima.

Kwa ndugu wa maiti wanaopanda gari kwenda Geita kukusanya mali, nawakumbusha aya ya 8 katika sura ile ile ya mirathi. Mwenyezi Mungu ameamrisha kwamba wakihudhuria ugawaji jamaa wasiorithi, na mayatima, na masikini, wapewe kitu, na waambiwe maneno mema. Watoto wale waliosimama nje ya ua, wakitazama karasha la baba yao likipakiwa, kama si masikini waliohudhuria, ni nani? Hawakutenda dhambi yoyote. Na aya ifuatayo inamtaka kila mmoja wetu afikiri: lau angekufa yeye, akaacha watoto wadogo wanyonge, angependa watendewe nini?

Mwenyezi Mungu atusafishe nyoyo zetu na kiburi, awatubie waliokosea, na awape wanyonge wetu wa kuwatetea. Amin.