Wazazi wa Kigongo, Msiidharau Kazi ya Makumbusho

Ndugu zangu wa Kigongo, nanyi wa Busisi ng'ambo, tangu Rais Samia Suluhu Hassan alipofungua Daraja la John Pombe Magufuli tarehe 19 Juni 2025, tunavuka kwa dakika chache pale tulipokuwa tukishinda tukingoja kivuko. Ni neema, wala sina kinyongo nayo. Lakini nani anaitunza habari ya kivuko? Tiketi za zamani, maboya, vitabu vya zamu, masimulizi ya manahodha na ya akina mama waliosomesha watoto kwa kuuzia abiria samaki wa kukaanga: vitu hivi visipopata mtu wa kuvikusanya, vyenye chuma vitaishia kwenye mizani ya vyuma chakavu, na vingine vitatumika kuwashia moto jikoni.

Kazi hiyo ina wenyewe, nayo husomewa. Tatizo ni sisi wazazi. Kijana akisema anataka kusomea malikale, baba huguna: "Ukalinde vibuyu?"

Basi baba huyo aende Bujora, pale Kisesa wilayani Magu, kwenye Makumbusho ya Wasukuma. Yalianzishwa na padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, kwa kushirikiana na Wasukuma wenyewe. Humo mna ngoma na viti vya watemi, mna vifaa vya makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu, na mna chombo kinachoonyesha jinsi wazee, wanawake na vijana walivyohesabu moja hadi kumi, kila rika kwa namna yake.

Hebu tuitazame ngoma moja tu ya mtemi. Masika ngozi hunywa unyevu, ikalegea na kuota ukungu. Kiangazi hukaza, na mti ukapata ufa. Mdudu naye hula kutoka ndani, na dalili yake ni unga mwembamba unaodondoka chini ya ngoma. Asiyejua kazi ataleta vanishi aipake ing'ae, kumbe amefunika masizi na alama za mikono, ambazo ndizo ushahidi kwamba ngoma ilipigwa kweli. Mhifadhi aliyefunzwa huanza na daftari: namba, picha, vipimo, nani aliitoa, ilipigwa wapi na kwa shughuli gani. Wahenga walikwisha kusema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Wala msidhani makumbusho ni ya ngoma na mikuki pekee. Maji haya yanayopita chini ya daraja ni Ghuba ya Mwanza, na wanasayansi wa samaki duniani kote wanaijua. Tangu 1977 watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, walichunguza humu furu wa aina nyingi ajabu, kila aina na chakula chake. Miaka ya 1980 sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950, alipozidi kuongezeka, furu wengi wakatoweka. Sampuli nyingi za furu hao zimehifadhiwa Leiden. Mtoto wa Kigongo, ambaye babu yake aliwavua, atawaona wapi? Matangi machache ya kioo, mwalimu wa baiolojia anayejua kusimulia, fundi seremala na mchoraji: hayo ni makumbusho ya sayansi, na hao watatu wote wana ajira.

Sisemi kazi hii inatajirisha. Haitajirishi. Ila inampandisha mtu. Kamoya Kimeu wa Kenya alianza kama kibarua wa kuchimba kwa akina Leakey, watafiti wa mabaki ya kale, akiwa na elimu ya msingi tu. Mwaka 1964 aliliona taya la kale la Peninj, kando ya Ziwa Natron huku kwetu. Mwaka 1984 akagundua mabaki ya mvulana wa Turkana, yenye umri wa takriban miaka milioni 1.5. Alikwisha kuwa msimamizi wa maeneo ya kale katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Huyo naye alikuwa mlinzi wa vibuyu?

Leo mlango ni mpana kuliko wa Kimeu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha akiolojia na urithi, na Makumbusho ya Taifa yana vituo Dar es Salaam, Arusha, hata Butiama.

Kwa hiyo, mzazi, binti yako akijaza fomu ya chuo akaandika akiolojia, mwachie kalamu. Nanyi madiwani wa Misungwi na Sengerema, tengeni chumba kimoja karibu na gati la zamani, muwaajiri vijana wawili wenye daftari na kinasa sauti, waanze na manahodha. Wengine wamekwisha kustaafu, na umri hausubiri bajeti ya mwaka ujao.