Risasi Ipimwe kwa Mnyama

KATIKA sheria ya uwindaji ya Ujerumani kimo kifungu ambacho, kwa maoni yetu, chastahili kusomwa hata na watu wasiotazamia kufika kamwe katika misitu ya nchi hiyo. Kifungu hicho cha 19 chapiga marufuku kumpiga mnyama mwenye kwato kwa marisau au kwa vipande vya risasi iliyokatwakatwa. Kisha chaeleza kwamba kulungu mdogo wa Ulaya aitwaye roe asipigwe kwa risasi ambayo, ikiisha kwenda meta 100, nguvu yake imeshuka chini ya jouli 1,000. Wanyama wengine wote wenye kwato, nguruwe mwitu akiwa miongoni mwao, wasipigwe kwa risasi nyembamba kuliko milimeta 6.5, wala yenye nguvu iliyo chini ya jouli 2,000 kwa umbali huo huo. Kwa mbweha hakikuweka kiwango cha namna hiyo.

Yafaa tujiulize kwa nini watunga sheria walijitia katika taabu ya hesabu hizi. Mwindaji wa huko, kama mkulima wa popote, hana fedha za kununua bunduki tatu. Msitu ule ule unaomletea mbweha wa kumwibia kuku ndio unaomletea kulungu wa kumlia miche na nguruwe wa kumfukulia viazi. Basi hutafuta bunduki moja ya kuwatosha wote. Na hapo ndipo anapokosea, kwa sababu huanza na mbweha, ambaye risasi zake ni rahisi, hazimpigi mtu bega kwa kishindo, na dukani husifiwa kwa mwendo wake wa kasi.

Watu hutaja kaliba kana kwamba ndiyo habari yote. Kaliba ni upana wa risasi tu. Zipo risasi mbili ambazo zote hupita katika mtutu wa upana wa karibu milimeta 5.6. Moja ni ile ndogo ya .22 ya kupigia sungura, ambayo hutoka na nguvu ya jouli 150 hivi. Ya pili ni .223, ambayo hutoka na jouli 1,700 na zaidi. Upana ni ule ule, lakini nguvu imezidi mara kumi na kupita, kwa kuwa ganda la pili limebeba baruti nyingi na risasi yake huenda karibu mara tatu ya mwendo wa mwenziwe. Kwa hiyo mtu akikuambia bunduki yake ni ya kaliba fulani na kunyamaza, hajakuambia jambo la kutosha.

Hiyo .223 ndiyo kipenzi cha wapiga mbweha. Mbweha wa Ulaya ana uzito wa kilo sita au saba, na ngozi yake ni nyepesi. Risasi yenye gramu tatu na nusu, iendayo karibu meta 1,000 kwa sekunde, humwangusha pale pale, na ikivunjika vipande ndani ya mwili hakuna hasara, maana nyama yake hailiwi. Lakini mpe nguruwe dume risasi hiyo hiyo. Huyu hupita kilo 100, na mabegani ana gamba nene la ngozi na tishu ngumu ambalo madume huota kwa ajili ya kupigana. Risasi nyepesi hupasuka juu ya gamba hilo, au huvunja mfupa mmoja na kuishia hapo. Mnyama hakimbii ili afe karibu. Hukimbia ili ateseke siku tatu kichakani, au amngoje anayemfuata.

Huko Uingereza na Wales sheria ya kulungu ya mwaka 1991 inadai risasi ya kaliba .240 au zaidi, yenye nguvu ya jouli 2,305 inapotoka mtutuni. Kulungu wadogo sana, kama muntjac, wamewekewa kiwango cha chini zaidi. Ndiyo sababu risasi iitwayo .243, iliyotolewa Marekani mwaka 1955, imependwa sana huko: inamfaa mbweha na inamtosha kulungu mbele ya sheria. Ukivuka bahari ukaingia Ujerumani, risasi hiyo hiyo huruhusiwi kumpigia nguruwe, kwa sababu haikufika milimeta 6.5. Katika jambo moja tunawaunga mkono Wajerumani waziwazi. Waingereza hupima nguvu kwenye mdomo wa bunduki, Wajerumani huipima meta 100 mbele. Mnyama hasimami kwenye mdomo wa bunduki.

Tena nguruwe mwitu wamerudi Uingereza, hasa katika msitu uitwao Forest of Dean, na sheria ile ya kulungu haiwahusu. Kulungu, mnyama mpole, amewekewa kipimo. Nguruwe mwenye meno ya kumpasua mtu paja ameachwa kwa hiari ya mwindaji.

Ushauri wetu kwa mwenye bunduki moja ni kwamba aanze na nguruwe na kushuka, asianze na mbweha na kupanda. Risasi ya milimeta 6.5 ya Kiswidi, au .308, au .30-06 ya mwaka 1906, zikipewa kichwa kizito kisichovunjika upesi, zitamtosha nguruwe na kulungu. Kwa mbweha zitakuwa nyingi kupita haja, na ngozi yake itaharibika. Hilo ni hasara ya ngozi. Lile jingine ni hasara ya kiumbe kinachoteseka, na pengine ya mwindaji mwenyewe.

Yupo msomaji atakayesema kwamba mambo haya ni ya Wazungu. Basi na ajue kwamba moja ya risasi zinazopendwa hadi leo kwa kuwinda nguruwe katika Ujerumani ilibuniwa kwa ajili ya Afrika. Mwaka 1905 fundi bunduki wa Berlin, Otto Bock, alitoa risasi ya milimeta 9.3 iliyoweza kuingia katika bunduki ya kawaida ya Mauser. Walowezi wa Kijerumani katika makoloni, Tanganyika yetu ikiwamo, walitaka silaha ya bei nafuu ya kumkabili nyati na simba, kwa kuwa bunduki za mitutu miwili zilikuwa mali ya matajiri. Kichwa chake kina gramu 18.5, na hutoka na nguvu inayokaribia jouli 4,800. Ukoloni ulikwisha, risasi ikarudi kwao na kupata kazi nyingine.

Na hata kazi hiyo ina mkono wa kwetu. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza na Montgomery, kutoka Kenya, mwaka 1921. Ngiri wetu huibeba bila kuumwa. Mwaka 2007 iliingia Georgia, ikaenea kwa nguruwe wa Ulaya ya Mashariki, na mwezi Septemba 2020 ikathibitishwa kwa nguruwe mwitu wa Brandenburg, Ujerumani. Haiwadhuru wanadamu, lakini humaliza mazizi. Tangu hapo kupunguza nguruwe mwitu kumekuwa ulinzi wa mifugo, si mchezo wa Jumapili, na mnyama aliyejeruhiwa akakimbilia wilaya nyingine akivuja damu ni hatari ya namna yake.

Wapo pia wanaopenda kumtaja Walter Bell, yule Mskochi aliyejulikana kwa jina la Karamoja ya Uganda, aliyeua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa risasi nyembamba ya milimeta 7. Husema: ikiwa tembo alianguka kwa hiyo, nguruwe ni nini? Wanasahau kwamba Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, na alikuwa na mkono wa shabaha ambao si watu wengi waliojaliwa. Sheria haiwezi kutungwa kwa kumfikiria mtu mmoja wa ajabu. Hutungwa kwa kumfikiria mtu wa kawaida, jioni, mwanga umepungua na moyo unamdunda.

Jambo moja zaidi linawasumbua wawindaji wa Ulaya leo, nalo ni sumu ya madini ya risasi. Vipande vyake hubaki katika nyama, na ndege walao mizoga hufa kwa kuvila. Wengi wamegeukia shaba, ambayo ni nyepesi kuliko madini hayo: sentimeta moja ya ujazo ina gramu 8.9, ilhali ya risasi ina gramu 11.3. Kichwa cha ukubwa ule ule huwa na uzito mdogo, na vipimo vya zamani havimtoshei mtu aliyebadili. Skotlandi iliona hivyo, na mwaka 2023 ikashusha uzito wa chini wa risasi ya kulungu wakubwa kutoka gramu 6.5 hadi 5.2 hivi, pasipo kugusa nguvu inayotakiwa. Huo ndio utunzaji wa sheria tunaoupenda, wa kuisahihisha namba pale hali inapobadilika.

Sasa tutazame mashamba yetu. Nguruwe mwitu wa kwetu hufukua mihogo na karanga usiku, na mkulima humkabili kwa gobore lililoshindiliwa vipande vya chuma, kitu kile kile ambacho kifungu cha 19 kinakikataa. Hatumlaumu mkulima, anacho hicho tu. Tunalosema ni kwamba anayetumwa kulinda mazao ya kijiji, awe askari wa wanyamapori au mwananchi mwenye kibali, asipewe bunduki yoyote iliyopatikana ghalani. Kwanza aulizwe anakwenda kumpiga mnyama gani, na kwa umbali gani. Kisha apelekwe mahali penye kilima nyuma ya shabaha, kwa maana risasi iliyokosa huweza kwenda zaidi ya kilometa tatu, na apige mbele ya mtu anayejua, kwa umbali ule ule wa shambani. Huko Ujerumani hakuna apataye leseni ya uwindaji kabla ya kufanya mtihani huo. Risasi tano au sita za majaribio zina gharama, na gharama hiyo iingizwe katika bajeti ya ulinzi wa mazao kabla mahindi hayajaanza kukomaa.