Mtoto akililia wembe mpe, lakini si bastola

KILA mzazi hujitahidi kumpa mwanawe kitu cha kuanzia maisha. Wapo wanaotoa karo, wanaokata kipande cha shamba, wanaotoa ng'ombe wa mahari na wanaotoa mtaji wa duka. Siku hizi kuna wanaofikiria kuongeza bunduki kwenye orodha hiyo.

Nasema hivi kwa sababu jamaa yangu mmoja, ambaye kwa ukoo ni baba mdogo, anaishi Lunyo katika Busia ya Uganda. Kijana wake ana umri wa miaka 28 na ni wakala wa pesa za simu mjini. Jioni hufunga kibanda na kurudi nyumbani kwa bodaboda akiwa na pesa za watu mfukoni. Majuzi mzee alinipigia simu akaniuliza: "Mwanangu, wewe uliye Nairobi, hujui mahali ninapoweza kumnunulia mtoto bastola? Nitauza fahali wawili."

Sikumcheka, kwani hofu yake ina msingi. Anayeshinda akihesabu noti za Kenya na za Uganda mbele ya umati hujulikana na wema na wabaya. Isitoshe, mpaka wetu una njia za panya tele. Mhalifu akitenda uovu upande mmoja, baada ya dakika chache yuko upande wa pili, chini ya polisi wengine na sheria nyingine.

Hata hivyo nilimwambia hapana. Naandika sababu zangu hapa kwa kuwa naamini si yeye peke yake mwenye wazo hilo.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Walijua kwamba wembe humkata aliyeushika, naye akishaona damu yake hujifunza. Bastola ni tofauti. Anayeililia ni mmoja, anayeumia huenda akawa mwingine kabisa, na hakuna nafasi ya kujifunza baadaye.

Kwanza, bunduki haiwezi kuwa zawadi. Nchini Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka kila anayemiliki bunduki awe na cheti chake mwenyewe. Ni lazima aonyeshe sababu ya kutosha, na wanaotoa cheti waridhike kwamba hatahatarisha usalama wa umma. Mlevi au mtu asiye na akili timamu hastahili kupewa. Baba hawezi kukaguliwa kwa niaba ya mwanawe, wala hawezi kumkabidhi bastola jinsi anavyomkabidhi ufunguo wa pikipiki. Uganda nayo ina sheria yake ya mwaka 1970, na huko pia mwenye bunduki lazima awe na cheti.

Anayefikiria kupitia mlango wa nyuma ajue kwamba sheria ya Kenya imezitaja AK-47, G3 na MP5 kwa majina, na adhabu ya kupatikana nazo kinyume cha sheria inaweza kufika kifungo cha maisha.

Pili, kuna jambo ambalo sisi watu wa mpakani hulisahau. Wasamia tuko pande zote mbili. Asubuhi mtu yuko Lunyo, mchana yuko sokoni Busia ya Kenya, jioni yuko matangani Funyula. Tangu Februari 2018, Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walipozindua kituo cha pamoja cha mpakani hapo Busia, kuvuka kumekuwa rahisi zaidi.

Lakini cheti cha bunduki hakivuki pamoja na mwenyewe. Bastola iliyo halali Uganda, ikiingia Kenya bila idhini ya Kenya, inakuwa haramu papo hapo. Kijana aliyezoea kuvuka mara tatu kwa siku akisahau mara moja tu, atajikuta kizimbani. Na akiiacha nyumbani kila anapovuka, itamlinda vipi njiani?

Tatu, tuwatazame waliotutangulia katika njia hii. Ukitoka Tororo ukashika barabara ya Mbale na kuendelea kaskazini, hatimaye unafika Karamoja. Mnamo 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, wanajeshi walikimbia kambi ya Moroto na kuacha silaha, na wafugaji wakajichukulia. Tangu hapo baba mwenye ng'ombe aliona ni wajibu wake mwanawe awe na bunduki ya kulinda zizi. Jirani yake Mpokot au Mturkana naye hakukubali kubaki nyuma.

Mwandishi Moisés Naím alieleza kwamba katika mji mmoja mdogo wa Kenya, AK-47 iliuzwa kwa ng'ombe 15 mwaka 1986. Kufikia mwaka 2005 bei ilikuwa imeshuka hadi ng'ombe 4. Kama wingi wa bunduki za bei nafuu ungeleta usalama, leo Bonde la Kerio lingekuwa pahali penye amani kuliko kwingine kote nchini. Badala yake, Februari 2023 serikali ya Kenya ililazimika kupeleka wanajeshi kaskazini mwa Bonde la Ufa kupambana na majangili. Kila baba alinunua kwa nia njema ya kulinda mali yake, na wote kwa pamoja wakajikuta na hofu kubwa kuliko ile ya mwanzo.

Sisi Wasamia si wageni wa silaha. Vilima vyetu vina madini ya chuma, na mababu zetu walikuwa wahunzi mashuhuri ambao majembe yao yalifika mbali. Mikuki pia waliifua. Lakini mkuki huonekana na kila mtu, na anayeurusha humwona anayemlenga. Bastola hukaa kiunoni bila jirani kujua, na kidole kikiteleza hakuna wa kusema ngoja.

Nne, bunduki haikai na mwenyewe daima. Mnamo Mei 12, 2023, konstebo mmoja wa polisi alimuua kwa risasi mkopeshaji pesa katikati ya jiji la Kampala. Alikamatwa baadaye papa hapa Busia. Polisi walieleza kwamba alikuwa amezuiwa kushika silaha kwa sababu ya maradhi ya akili, na kwamba bunduki aliyotumia ilikuwa ya askari mwenzake waliyeishi chumba kimoja. Ikiwa hayo huwapata polisi waliofunzwa, sembuse boma la Lunyo lenye mke, wadogo zake, watoto na wageni wanaoingia na kutoka?

Wala mnunuzi asidhani kwamba akishalipa ametoka. Huko Marekani, James Crumbley wa jimbo la Michigan alimnunulia mwanawe wa miaka 15 bastola mnamo Novemba 26, 2021. Siku nne baadaye kijana huyo aliwaua wanafunzi wanne shuleni mwake. Mwaka 2024 baba na mama walihukumiwa kifungo cha kati ya miaka 10 na 15 kila mmoja. Kijana wetu ni mtu mzima na sheria zetu si zile, lakini mzazi gani atalala akijua kwamba maiti ilitokana na fahali wake?

Najua kuna watakaonikumbusha Westgate. Ni kweli kwamba Septemba 21, 2013, magaidi waliposhambulia jengo hilo jijini Nairobi, raia wenye silaha za halali waliingia kuokoa watu. Mmoja wao alikuwa Abdul Haji, mwana wa marehemu Yusuf Haji aliyekuwa Waziri wa Ulinzi. Aliingia na bastola yake kumtafuta ndugu yake, na wengi walitoka hai. Anastahili heshima.

Hata hivyo, Haji alikuwa na kibali chake mwenyewe, na mle ndani hakuwa peke yake. Alikuwa na polisi na raia wengine wenye silaha. Kijana wa kibanda cha pesa huvamiwa ghafla, gizani, na watu wawili au watatu walio karibu naye kuliko mkono wake ulivyo karibu na kiuno. Tena habari zikienea kwamba ana bastola, watakuja kuitafuta hiyo kwanza, na pesa zitakuwa nyongeza.

Swali ni je, mzee afanye nini na fahali wake? Thamani ya fahali wawili inaweza kununua kasha la chuma lililozamishwa kwenye saruji, taa ya nguvu na mlango imara. Kijana anaweza kupeleka noti benki mchana na kubaki na pesa chache jioni. Mawakala wa mtaa mmoja wanaweza kufunga saa moja, wakaondoka pamoja, wakambeba mwendeshaji bodaboda wanayemjua badala ya yeyote anayejitokeza.

Wakuu wa usalama nao wasijifiche nyuma ya mpaka. Mzazi hufikiria bastola pale anapokata tamaa na polisi. Polisi wa Busia ya Kenya na wale wa Busia ya Uganda wafanye doria kwa ratiba moja saa za kufunga maduka. Pia wawe na nambari moja ya simu itakayopokewa pande zote mbili, ili mwizi asipate kimbilio kwa kuvuka mtaro. Wakifanya hivyo, wazee wa Lunyo watabaki na fahali wao zizini, na vijana wao watafika nyumbani mikono mitupu lakini wazima.