Bustani ya Hoteli Si Msitu

Mwandishi mmoja ametuambia kwamba uoto wa Unguja unamalizwa na wakata kuni, na kwamba hoteli za ufukweni zinaurudisha kwa bustani zao. Kwamba kuni na makaa vinakula msitu, nani asiyejua? Lakini aende mashariki, Paje mpaka Michamvi, aitazame ardhi ya maweni. Udongo umo ndani ya mianya ya mawe ya matumbawe tu. Vichaka vikifyekwa, unabaki mwamba. Halafu hupandwa nyasi za kunyweshwa maji matamu yale yale ambayo kijiji kinayategemea. Huko ndiko kurudisha uoto?

Na kuni zenyewe zinakwenda wapi? Si zote za jikoni. Nyingine hupangwa gogo juu ya gogo, yakawekwa mawe, tanuu likawashwa ili ipatikane chokaa ya kujengea. Kuta za nani hizo, bwana?

Kima punju, mnyama wa asili wa Unguja, haishi kwenye bustani ya nyasi. Anahitaji msitu kama wa Jozani, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Serikali isitoe kibali cha kufyeka kabla wanakijiji hawajaonyeshwa tathmini ya mazingira.