Kumbukumbu Isiwe Nusu

Wapo wanaodai kwamba Ujamaa ulikuwa foleni tu. Foleni zilikuwapo: mapema miaka ya 1980, mkazi wa Arusha na mkulima wa Meru walipanga mstari kwa sukari na sabuni, naye mlanguzi akinenepa. Anayeficha dhiki hiyo anawadhihaki walioivumilia. Lakini Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza pia kiongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha. Miiko hiyo ililegezwa na kikao cha CCM huko Zanzibar mwaka 1991. Anayetaja foleni akanyamazia miiko ana lake jambo. Utamaduni wa taifa hukumbuka yote mawili: dhiki isirudiwe, na viongozi waulizwe.