Namba za Ndugu Si Dhamana
Anayekopa kwa programu za simu mara nyingi huombwa ruhusa ya kusoma namba zote alizohifadhi, naye, kwa kuwa mtoto anaumwa au kodi ya nyumba imefika, hukubali. Siku ya kulipa ikipita, ujumbe wa kumdhalilisha unamfikia mama mkwe, bosi, shangazi, hata fundi bomba aliyemwita mara moja tu. Hapa ndipo ninapokasirika: watu hao hawakukopa wala hawakuridhia lolote, lakini namba zao zimewekwa rehani. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na kanuni za mikopo ya kidijitali za 2022 zikakataza wazi kuchota namba za mkopaji ili kuwatumia watu wake ujumbe anapochelewa. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Sheria tunazo! Programu inayothibitika kuchota namba hizo iondolewe sokoni mara moja, na mdaiwa adaiwe yeye mwenyewe, kwa heshima. Nawe msomaji, fungua mipangilio ya simu yako leo, tafuta ruhusa za programu, uzime hiyo ya kusoma namba kwa kila programu isiyoihitaji. Programu ya tochi haihitaji kumjua mama yako.