Mtoto Kutanguliza Makalio Si Hukumu ya Kisu

Imani imeota mizizi wodini na mitaani: mtoto akitanguliza makalio, mama apasuliwe, na anayeuliza zaidi anachezea roho ya mtoto. Imani hiyo haikuzuka hivi hivi. Mwaka 2000 jarida la Lancet lilichapisha utafiti ulioongozwa na Mary Hannah wa Toronto, uliohusisha wanawake 2,088 katika nchi 26. Watoto waliokufa au kuumia vibaya walikuwa asilimia 1.6 kwa mama waliopangiwa upasuaji, na asilimia 5.0 kwa waliopangiwa kujifungua kwa njia ya kawaida. Hospitali nyingi duniani zikafunga mjadala. Wachache walisoma jedwali hadi mwisho: manufaa makubwa yalionekana katika nchi ambako watoto wachanga hufa kwa nadra. Katika nchi zenye vifo vingi, yaani zinazofanana na zetu, hatari ilishuka kutoka asilimia 4.4 hadi 2.9 tu. Tena, watoto waliofuatiliwa walipofikisha miaka miwili, idadi ya waliokufa au kuchelewa kukua kiakili haikutofautiana kati ya makundi hayo mawili. Halafu mwaka 2006 ukaja utafiti wa Ufaransa na Ubelgiji, wenye wanawake zaidi ya 8,000. Pale mama walipochaguliwa kwa makini na kusimamiwa na wazoefu, njia ya kawaida haikuonekana kuwa na madhara zaidi kwa watoto.

Nitaambiwa kwamba hatari, hata ikiwa ndogo, ni hatari. Kweli. Mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Uingereza wa 2017 unakadiria vifo 2 kwa kila watoto 1,000 kwa njia ya kawaida, dhidi ya 0.5 kwa upasuaji. Siwezi kumlaumu mama anayechagua kisu baada ya kuelezwa hivyo. Lakini aelezwe na upande wa pili. Utafiti wa nchi 22 za Afrika uliochapishwa 2019 ulikuta mama wapatao 5 kati ya 1,000 hufa baada ya upasuaji wa uzazi, mara 50 ya nchi tajiri. Wengi walipasuliwa kwa dharura, sawa. Ila damu, dawa ya usingizi na mikono ni ile ile hata upasuaji ukipangwa. Na kovu halisahau: mimba zinazofuata huja na hatari ya kizazi kuchanika na kondo la nyuma kung'ang'ania, na Tanzania mwanamke huzaa kwa wastani karibu watoto watano.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba wakunga wenye ujuzi wa kuzalisha mtoto aliyetanguliza makalio hawapo. Hawapo kwa sababu tumeacha kuwafundisha, kisha upungufu huo tunaufanya hoja. Hata kumgeuza mtoto kwa mikono juu ya tumbo, kuanzia wiki ya 36 au 37, jambo linalofaulu karibu nusu ya majaribio hospitalini, mama wengi hawaambiwi kama lipo. Zaidi ya hayo, wapo wanaofika zahanati makalio yameshachomoza. Hapo hakuna cha kupanga upasuaji. Mkunga asiyefundishwa atavuta, mikono ya mtoto itapanda juu na kichwa kitanasa. Kwa hiyo ujuzi huu unahitajika hata na anayeamini kwamba kila mama wa namna hii apasuliwe.